Mistari Miwili, Kidole Gumba Kimoja

Leo, saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, aibu ilianza kunitafuta. Saa nne kasoro dakika tano ikanipata. Nawaandikia nikiwa na kidole gumba cha buluu ambacho dawa ya javeli, limau na mchanga vimeshindwa kukisafisha.

Nieleze kwa utaratibu, maana mimi ni mtu wa utaratibu. (Sikusoma sana shuleni. Maarifa niliyonayo niliyatoa katika vitabu chakavu vya sheria na utawala nilivyonunua barabarani, kimoja kimoja, kwa miaka ishirini. Kwa hiyo nikianguka, naanguka na aya zangu.)

Nina kazi mbili.

Ya kwanza ni ya serikali. Ni ajenti katika ofisi moja ya jimbo hapa Ibanda, Bukavu, ambayo sitaitaja. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Nina barua ya kuajiriwa, nina meza, nina muhuri wa tarehe. Sina matrikule, ile namba ya mtumishi wa serikali. Na kwetu, ajenti asiye na matrikule hana mshahara. Anangoja.

Ya pili ni ya kampuni ya usafi yenye mkataba na ofisi hiyohiyo. Zamani palikuwa na mzee mmoja wa kufagia, mtu wa serikali, mwenye matrikule yake. Alipostaafu, nafasi yake haikujazwa. Wakaleta kampuni. Nikaenda kwenye kampuni kuomba kazi. Kila siku, saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu, nimevaa jile, kizibao cha kijani, na bote za plastiki za kukanyagia maji, napiga deki ngazi na korido. Saa moja na nusu navua, navaa koti na tai, naketi kwenye meza niliyotoka kuipangusa. Kampuni inanilipa dola mia moja na nne kwa mwezi: siku ishirini na sita, dola nne kwa siku. Hizo ndizo zinazomlipia shule binti yangu Nsimire, ambaye mwaka huu anamaliza sekondari.

Serikali inanijua kwa jina la Bahati. Kampuni inanijua kwa jina la Cirhuza. (Si uongo. Yote mawili ni majina yangu, yako kwenye kadi yangu. Nimeyagawa tu. La ubatizo, Deo, nimewaachia wanaonijua vizuri.)

Sasa sehemu ambayo sipendi kuieleza. Kazi yangu ya ajenti ni kufuatilia mikataba. Mwisho wa kila mwezi, Bahati ndiye anayetia saini kwamba Cirhuza amefagia vizuri.

(Ndiyo. Najua.)

Nilipopewa kazi hiyo sikuikataa, kwa sababu ajenti asiye na matrikule akikataa kazi, ndiye wa kwanza kusahauliwa siku ya matrikule. Na nimeifanya kwa haki. Kuna mwezi nilijinyima saini hadi nikaosha madirisha upya.

Msimamizi wa kampuni, Tonton Kizito, hajawahi kumwona Bahati. Karatasi zake anaziacha kwa katibu wetu, Maman Furaha, anachukua zilizosainiwa, anaondoka. Lakini anamwogopa Bahati. Kila mara ananiambia: «Muzee Cirhuza, pangusa muzuri meza ya ule Bahati. Ule mutu ni mukali!» Mwaka mpya alinipa kuku mzima nimpelekee Bahati, ili moyo wake ulainike. Nilimfikishia.

Shefu wetu naye hajawahi kumwona Cirhuza, kwa sababu Shefu anafika saa nne na Cirhuza anatoweka saa moja na nusu. Wenzangu wa fagio wanajua. Lakini watu wa fagio hakuna anayewauliza kitu. Maman Furaha pia anajua, na anakaa kimya kama kabati lililofungwa.

Basi. Wiki iliyopita tukatangaziwa kontrole. Timu inakuja kuhesabu watu wote wanaofanya kazi ya serikali katika jengo letu: maajenti saa mbili, watu wa kampuni saa tano. Asiyeonekana kwa macho anafutwa. Nilifurahi. Kutoka saa mbili hadi saa tano ni muda mwingi. Ningehesabiwa Bahati, ningekunywa chai, ningehesabiwa Cirhuza.

Leo, saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili, nimefika na ndoo yangu mlangoni, nikakuta karatasi mpya imebandikwa. Maajenti na watu wa kampuni: saa mbili, wote pamoja, mistari miwili uani. Chini yake wameongeza sababu: «Ili mtu yeyote asihesabiwe mara mbili.»

Nilisoma mara tatu. Nilihisi kama karatasi inanitazama.

Mtu mwingine angechagua mstari mmoja. Mimi nilikaa juu ya ndoo, nikatoa daftari langu. Matrikule ni uzee wangu. Jile ni shule ya Nsimire. Sikuwa tayari kuacha hata kimoja. Nikachora uwanja: meza ya kwanza karibu na mlango, meza ya pili karibu na jenereta, chumba cha fagio katikati. Nikahesabu hatua: kumi na nane kwenda kila upande. Nikajipima kuvua koti na kuvaa jile: sekunde thelathini na tano. Nikajipima mara ya pili: thelathini na moja. Orodha zinaitwa kwa alfabeti. B iko mwanzoni. C nayo haiko mbali, lakini nikamwomba mwenzangu mmoja wa fagio aniwekee nafasi mwishoni, aseme niko chooni.

Mpango ulikuwa mzuri. Hadi sasa sioni kosa katika mpango. Kosa lilikuwa katika vitu viwili ambavyo sikuviandika.

Kitu cha kwanza: miguu.

Saa mbili kamili nilikuwa kwenye mstari wa maajenti, koti limenyooka, tai imefungwa, jalada langu kwapani. Hata Shefu alikuwa amekwisha fika, tangu saa mbili kasoro robo, jambo ambalo mlinzi alilitazama kama watu wanavyotazama kupatwa kwa jua. Maman Furaha, nyuma yangu, akanivuta koti.

«Papa Deo. Miguu.»

Nikatazama chini. Bote. Nyeusi, za plastiki, hadi magotini, suruali imechomekwa ndani.

«Ni mvua,» nikasema.

«Mvua gani, papa? Na hii jua?»

«Ya kesho.»

Akaziba mdomo kwa jalada lake. Mabega yakaanza kumtikisika.

«Bahati!» ikaitwa.

Meza ya kwanza alikaa bwana mmoja mwenye kipara na miwani. Akatazama barua yangu, akatazama uso wangu, akatazama bote zangu, akaamua kwamba bote hazimo kwenye fomu.

«Miaka kumi na moja bila matrikule?»

«Na miezi miwili.»

«Weka saini. Na kidole.»

Hicho ndicho kitu cha pili. Kidole.

Akasukuma mbele yangu kisahani cha wino wa buluu. Nikabonyeza gumba kwenye karatasi. Kwa kweli, ndugu zangu, wakati ule sikufikiria chochote kingine isipokuwa kwamba baada ya miaka kumi na moja serikali imenigusa. Nilitaka kumshukuru yule bwana. Kisha nikatazama gumba langu. Lilikuwa la buluu hadi kwenye kiungo. Nikakumbuka ule mstari wa mwisho wa karatasi ya mlangoni.

Hatua kumi na nane hadi chumba cha fagio. Nikazipiga kumi na moja. Nikavua koti, nikavaa jile, nikachovya gumba kwenye javeli. Nikasugua kwa brashi ya ngazi. Javeli ikatoa ngozi, ikauacha wino. Kisha nikaona glavu za mpira kwenye msumari. Nikacheka peke yangu. Mtu wa usafi na glavu, nani atauliza?

Nikajipanga mwisho wa mstari wa pili. Hapa angalau bote zilikuwa mahali pake.

Tonton Kizito alisimama pembeni na orodha yake, anatoa jasho. Aliponiona akanijia. «Muzee Cirhuza, ulikuwa wapi? Sikia, leo tutamuona ule Bahati. Iko hapahapa. Utanionyesha?»

«Nitakuonyesha,» nikasema. (Nilikuwa nasema kweli. Sikujua tu ni mapema kiasi gani.)

Meza ya pili alikaa mkuu wa timu, mama wa makamo, sauti ya chini, kalamu tatu za rangi tatu zimepangwa sambamba mbele yake. Nilimheshimu mara moja.

«Cirhuza?»

«Niko hapa, Madame.»

«Kazi?»

«Ngazi na korido.»

«Saini. Kidole.»

Nikatia saini. Kisha nikanyoosha mkono ukiwa ndani ya glavu.

«Papa, toa glavu.»

«Madame, mkono una javeli. Utaharibu karatasi yako.»

«Karatasi ni yangu. Toa.»

Nikatoa ya kushoto.

«Ya kuume.»

Nikaivuta kidole kwa kidole. Gumba likatoka. Lilikuwa la buluu kuliko lilivyoingia.

Madame aliweka kalamu chini. «Papa. Uliisha hesabiwa?»

Kabla sijajibu, Shefu akaniona. Akaja kwa hatua ndefu, uso umejaa furaha. Nilidhani nimekwisha. Lakini Shefu alikuwa ameelewa jambo jingine kabisa.

«Madame, usishangae! Huyu ni ajenti wetu Bahati. Anafuatilia mikataba. Munaona? Anavaa mpaka jile na bote, anaingia katikati ya batu wa kampuni, anakontrole kazi kwa macho yake! Nani anafanya hivyo siku hizi?»

Tonton Kizito akageuza shingo polepole, akanitazama kuanzia bote kwenda juu.

Ningeweza kunyamaza hapo. Ningekuwa nimeokoka. Lakini Shefu alikuwa amefurahi, na mkubwa akifurahi hasimami.

«Tena ni mukali! Niliteleza ku ngazi, mwezi uliopita, nikaanguka vibaya. Nikamwambia aandike demande kwa ule mutu wa usafi. Aliandika siku ileile! Maman Furaha, leta ile jalada!»

Kwa wasiotujua: demande ni barua ambayo ofisi inakuandikia ikuombe maelezo ya kosa lako. Una saa arobaini na nane za kujibu kwa maandishi. Kisha ofisi inaandika chini ya jibu lako kama imeridhika au haikuridhika. Hakuna ajenti hapa Bukavu asiyewahi kupokea moja. Lakini nadhani ni mimi peke yangu niliyewahi kupokea moja kutoka kwangu.

Nilikuwa na njia gani? Shefu aliagiza. Bahati akaandika. Na jalada haliwezi kubaki na demande bila jibu, ni kasoro ya utawala. Cirhuza akajibu. Na jibu haliwezi kubaki bila uamuzi. Bahati akaamua. Kisha nikafungia yote kwenye jalada, sikupeleka kopi kwa kampuni, kwa sababu nilijionea huruma.

Maman Furaha alileta jalada kwa mwendo wa mtu anayepeleka jeneza. Shefu akasoma kwa sauti, mistari yote miwili ikisikiliza.

«"Moja. Siku ya Jumanne, saa nne na dakika tano, Shefu aliteleza kwenye ngazi ya tatu. Mbili. Ngazi hiyo ilikuwa na maji. Tatu. Bwana Cirhuza anaombwa aeleze." Munasikia? Aya kwa aya! Na ule Cirhuza akajibu. Cirhuza ni nani? Iko hapa?»

«Shefu,» akasema Tonton Kizito kwa sauti ndogo. «Cirhuza ni ule ule.»

«Ule nani?»

«Ule mwenye umesema ni Bahati.»

Shefu alinitazama. Akatazama jile. Akatazama karatasi. Nikaona ngazi ya tatu inapita machoni mwake.

Madame akamnyang'anya jalada kwa upole, akaweka barua mbili sambamba, kama kalamu zake. Mwandiko mmoja. Kalamu moja. Aya zimepewa namba, tarehe imepigiwa mstari kwa rula.

Akaanza kusoma jibu. «"Moja. Nakubali kwamba maji yalikuwepo. Mbili. Nilikuwa nimemaliza saa moja na nusu. Lakini saa tatu na nusu nililazimika kurudi kupiga deki upya, kwa sababu kuna ajenti mmoja alipita pale na viatu vya matope. Tatu. Ajenti huyo naye aulizwe."»

Akainua macho. «Ajenti huyo ni nani?»

Nikatazama bote zangu.

«Papa?»

«Ni mimi, Madame. Nilikuwa nimetumwa posta.»

Mstari wa maajenti ulianza kucheka. Kisha wa fagio. Kisha walinzi getini. Yule bwana wa kipara alivua miwani akaifuta, hakuweza kuirudisha. Na Madame alikuwa bado hajamaliza, kwa sababu chini ya jibu palikuwa na uamuzi, na uamuzi niliuandika kwa wino mwekundu.

«"Maelezo hayaridhishi. Mhusika ana tabia ya kuwatupia wengine makosa yake. Akatwe mshahara wa siku tatu. Bahati."»

«Eh, papa!» mama mmoja wa fagio akapiga makofi. «Hata wewe mwenyewe haukujihurumia!»

Hapo ndipo nilipotamani ile ngazi ya tatu, nipande niteleze, nipotee.

Lakini sikupotea. Madame alifunga jalada, na sauti yake ikabadilika. «Papa, tucheke, lakini kazi ni kazi. Mutu moja hawezi kukaa ku orodha mbili. Nifute wapi? Kwa maajenti ao kwa kampuni?»

Kicheko kikakatika. Nilimwona Nsimire na madaftari yake mezani. Niliona pia miaka kumi na moja, yote, imekaa kwenye benchi inangoja.

Nikaziweka glavu mezani. Nikasimama vizuri ndani ya bote zangu.

«Madame, usifute popote. Naomba dakika mbili.»

Nikafungua daftari. «Nilipoingia hapa, watu wa jengo hili walikuwa saba. Saba wote wa serikali, saba wote na mshahara, pamoja na mfagiaji na mlinzi. Leo maajenti ni kumi na tisa, na wanaolipwa ni sita. Watu wa kampuni ni kumi na saba: fagio, ulinzi, jenereta. Serikali inasema kwenye karatasi kwamba imepunguza watu. Uani tuko thelathini na sita.»

Nikajisahihisha. «Thelathini na tano. Mimi nilijihesabu mara mbili.»

Hakuna aliyecheka sana.

«Ile kazi ya kufagia haikuondoka, Madame. Ilihama orodha. Na mimi niliifuata, kwa sababu kule kwa maajenti wananiandika bila kunilipa. Mtu wa mishahara miwili, mumukamate. Mimi nina kazi mbili na mshahara mmoja. Kosa liko wapi?»

Madame akageuza kalamu yake ya kijani.

«Hizo hesabu, ulifanya peke yako?»

«Peke yangu. Jioni, nyumbani.»

«Sisi tunazitafuta tangu Jumatatu.» Akavuta pumzi. «Papa, nikuambie kitu. Hata mimi sina matrikule. Hii kontrole walipea kampuni. Tuko na mkataba wa miezi tatu.»

Nikafungua kalamu. «Basi na wewe nikuandike upande gani, Madame?»

Sasa alicheka yeye, hadi kalamu tatu zikaanguka chini. Alipozipanga tena, akaandika kwenye fomu zangu zote mbili, mahali pa maoni: «Mtu mmoja, kazi mbili, mshahara mmoja. Ameonekana kwa macho.» Akasema kazi yake ni kuhesabu, si kuhukumu. Lakini kuanzia mwezi huu saini ya usafi itatoka kwa Maman Furaha. Nilikubali. Ni haki. (Maman Furaha tayari ameniambia kwamba ile korido ya juu ina vumbi.)

Nilidhani imeisha. Nikainama kumsalimu Shefu, ambaye muda wote alikuwa anashika kiuno chake, kile kilichoanguka.

«Bahati,» akasema. «Sitakufukuza. Nikikufukuza, nani atapiga deki, na nani ataandika barua? Lakini hii barua yako, siku tatu. Mbona haina muhuri?»

«Shefu, lile lilikuwa jambo la ndani...»

«Maman Furaha, leta muhuri.»

Akaugonga palepale, juu ya meza ya Madame. Tonton Kizito akapokea kopi yake kwa mikono miwili. Akaisoma hadi mwisho, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni.

«Nitakata, Shefu. Barua ni barua.» Kisha akaniegemea sikioni. «Muzee. Na ile kuku yangu?»

«Ilifika, Tonton.»

«Ilifika kwa nani?»

Sikumjibu. Nina saa arobaini na nane.

Kesho, saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili, nitakuwa kwenye ngazi na ndoo yangu, na saa moja na nusu nitakuwa kwenye meza yangu, viatu vimeangaliwa. Niko kwenye orodha zote mbili na sitatoka hata kwenye moja. Shule ya Nsimire mwezi huu nitaimalizia kwa kuuza vitabu viwili vya utawala, ambavyo sasa nimevijua vya kutosha. Na ninyi mnaotaka kunicheka, nichekeni kwa maandishi, aya zenu zikiwa na namba, vinginevyo sitaridhika.

Hasara ya leo, iliyoamuliwa na mimi dhidi yangu: dola kumi na mbili.